Kusoma Usanifu na Teknolojia kwa A-level Uingereza

Usanifu na Teknolojia ni somo la A-level ambalo nusu ya alama zake hazitoki katika chumba cha mtihani. Zinatoka katika mradi mmoja ambao mwanafunzi huutafuta mwenyewe, huuchora, huutengeneza na kuupima, kisha huueleza ukurasa kwa ukurasa. Nusu iliyobaki hutoka katika mitihani ya kuandika mwishoni mwa miaka miwili. Mgawanyo huo ndio unaolitenga na fizikia au historia, na ndio unaoamua nani atalipenda na nani atalijutia. Wengi wanaolichagua huvutwa na karakana. Wanaoanguka ndani yake, mara nyingi huangushwa na makaratasi.

Kidato cha sita cha Waingereza ni jina la miaka miwili, si mmoja: mwaka wa 12 na wa 13 wa shule, kwa vijana wa umri wa miaka 16 hadi 18. Msomaji wa Tanzania atakitambua haraka, kwa kuwa kidato cha tano na cha sita vya kwao vilitoka huko huko. Wa Kenya huenda akahitaji kuwauliza wazee, maana A-level ya kitaifa iliondoka na mitihani ya 1989, mfumo wa 8-4-4 ulipoishika nafasi yake. Tofauti kubwa ni kwamba Uingereza haina tahasusi, yaani mafungu ya masomo yaliyopangwa tayari. Mwanafunzi wa Tanzania huingia PCM (fizikia, kemia na hisabati) au HGL (historia, jiografia na lugha ya Kiingereza) kama anayepanda basi lenye njia yake. Mwenzake wa Uingereza huchagua masomo, kwa kawaida matatu, na anaweza kuliweka Usanifu na Teknolojia pamoja na hisabati na fizikia, au pamoja na sanaa na biashara. Uhuru huo una gharama yake, na gharama hiyo huonekana baadaye, wakati wa kuomba chuo.

Somo lenyewe si la kale. Kabla ya mtaala wa taifa wa 1990, shule za Uingereza zilikuwa na useremala na uhunzi kwa wavulana, mapishi na ushonaji kwa wasichana. Mtaala ule ulivikusanya vipande hivyo chini ya jina moja na kuingiza wazo jipya: mwanafunzi asijifunze kutengeneza kiti tu, bali aulize kwanza nani atakikalia, na kwa nini. Tangu 2004 somo si la lazima baada ya umri wa miaka 14, na idadi ya wanaolisoma imepungua sana tangu hapo. Athari yake inaonekana hadi leo. Walimu wa somo hili ni adimu, na baadhi ya shule hazilitoi kabisa kwa A-level. Zinazolitoa zinaweza kuwa na darasa la watu sita au saba tu, jambo ambalo kwa mwanafunzi ni neema: mwalimu anaijua kazi ya kila mmoja, na zamu ya mashine haichukui wiki nzima.

Mfumo unaotumika sasa ulianza kufundishwa 2017. Una matawi matatu: usanifu wa bidhaa, mitindo na nguo, na usanifu wa kihandisi. Bodi za mitihani hazitoi matawi yote kwa usawa. Pearson hutoa usanifu wa bidhaa pekee, AQA huongeza mitindo na nguo, na OCR ilijitokeza na yote matatu. Shule ndiyo inayochagua bodi, si mwanafunzi, kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza siku ya wazazi si kama somo lipo, bali ni la bodi gani na la tawi gani. Kwa AQA, usanifu wa bidhaa una karatasi mbili: ya kwanza ya saa mbili na nusu yenye asilimia 30 ya alama zote, ya pili ya saa moja na nusu yenye asilimia 20, na mradi wenye asilimia 50. Pearson ina karatasi moja tu ya saa mbili na nusu. Mwanafunzi anayechoka haraka kuandika ataona tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana kwenye kipeperushi cha shule.

Mwaka wa kwanza huwapa wengi mshangao. Kijana aliyezoea kushika randa tangu darasa la chini hujikuta amekaa darasani siku tatu kwa wiki akisoma muundo wa plastiki. Ni kawaida. Walimu hutumia mwaka huo kujenga vitu viwili kwa pamoja: nadharia ya mtihani, na mikono ya kutosha kwa mradi wa mwaka unaofuata. Huja miradi midogo midogo: taa ya mezani ya plaiwudi iliyokunjwa kwa gundi na kalibu, kisanduku cha bati kilichochomelewa, kishikio kilichokerezwa kwenye mashine ya kukereza. Miradi hiyo haihesabiwi katika alama za mwisho. Anayeidharau kwa sababu hiyo hujikuta mwaka wa pili akijifunza kunoa patasi juu ya ubao wa mradi wenyewe, na huo ndio mwalimu ghali kuliko wote.

Nadharia ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Kitovu chake ni malighafi: mbao, metali, plastiki, karatasi na mbao za kubandikwa, na vitu vinavyobadilika vyenyewe kwa joto au mwanga. Haitoshi kujua kwamba mtiki ni mti mzuri. Lazima ijulikane kwamba una mafuta ya asili yanayoukinga na maji, ndiyo maana hutumika kwa viti vya bustani na sitaha za mashua, na kwamba mafuta hayo hayo huifanya gundi isishike vizuri. Haitoshi kusema chupa ni ya plastiki. Kuna plastiki zinazolainika tena kila zikipashwa moto, kama ile ya chupa za maji, na kuna zinazoganda mara moja na hazirudi, kama ya soketi za umeme. Swali la mtihani litauliza kwa nini soketi haikutengenezwa kwa plastiki ya chupa, na jibu lake ni hatari ya moto, si bei.

Baada ya malighafi huja njia za kutengeneza. Hapa ndipo mwanafunzi mwenye jicho la kutazama vitu vya nyumbani hupata faida kubwa. Ndoo, beseni, kiti cha plastiki cha kwenye harusi: karibu vyote vimepatikana kwa kusukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu la chuma kwa nguvu. Kiti hicho kikipinduliwa, katikati ya upande wa chini huonekana kidoti kidogo. Ndipo plastiki ilipoingilia. Pembeni kuna mstari mwembamba ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, na mara nyingine viduara vidogo vilivyoachwa na vijiti vilivyokisukuma kitoke. Chupa ya soda ina alama nyingine, kwa sababu ilipulizwa kwa hewa. Tangi kubwa la maji lilizungushwa ndani ya joto mpaka plastiki ikatapakaa kwenye kuta za kalibu. Mwanafunzi anayepita dukani akipindua vitu na kuvisoma namna hii anajiandaa kwa mtihani bila kufungua daftari, na karatasi ya pili ya AQA huanza na maswali ya aina hiyo hasa: picha ya bidhaa, na maswali kwa nini imetengenezwa hivyo.

Hisabati ipo, na huwashtua waliolichagua somo ili kuikimbia. Si ngumu kama ile ya A-level ya hisabati, lakini haiepukiki: ujazo, eneo, pembe kwa saini na kosaini, asilimia, uwiano, kusoma grafu. Mfano wa kawaida ni upotevu wa malighafi. Duara lenye kipenyo cha milimita 120 likikatwa kutoka kipande cha mraba cha upande wa milimita 120, hutumia karibu asilimia 78.5 ya kipande, na asilimia 21.5 huwa chakavu. Swali halitaishia hapo. Litauliza jinsi ya kupanga maduara mengi kwenye bati moja ili chakavu kipungue, na itagharimu kiasi gani bidhaa elfu tano zikitengenezwa. Dhana nyingine inayorudi kila mwaka ni ukomo wa makosa: ekseli ya milimita 20 inayoruhusiwa kuzidi au kupungua kwa milimita 0.05 tu. Fundi wa mtaani anaijua kwa kidole chake. Mtihani unataka iandikwe.

Kuna historia pia, na ndiyo sehemu inayoweza kusomwa kama hadithi. AQA inawataja kwa majina wasanifu ambao kazi zao lazima zifahamike, miongoni mwao Marianne Brandt, Charles na Ray Eames, Dieter Rams, Margaret Calvert, Philippe Starck na James Dyson. Brandt aliingia karakana ya metali ya Bauhaus, shule iliyoanzishwa Weimar 1919 na kufungwa 1933, na birika lake dogo la 1924 bado ni fundisho la maumbo ya kijiometri. Eames na mkewe walikunja plaiwudi kutengeneza banzi za miguu kwa wanajeshi wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha ujuzi huo huo ukazaa viti. Calvert, mzaliwa wa Afrika Kusini, alishirikiana na Jock Kinneir kuzipa barabara za Uingereza alama zilizoanza kutumika 1965, ambazo dereva yeyote wa huko huzisoma kila siku bila kufikiri kuwa kuna mtu aliyezichora. Dyson, kwa maelezo yake mwenyewe, alitengeneza mifano 5,127 kabla ya kifyonza vumbi chake kukubali. Walimu hupenda sana takwimu hiyo, kwa sababu inawasaidia kumwambia mwanafunzi kuwa mfano wake wa tatu hautoshi.

Jina la Thonet, mtengeneza samani, nalo hutajwa darasani. Kiti chake namba 14 cha 1859 kilitengenezwa kwa fito za mti wa bichi zilizolainishwa kwa mvuke na kupindwa. Kikifunguliwa, viti 36 huingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Wazo la samani zinazosafirishwa zikiwa vipande lina umri mkubwa kuliko maduka yanayosifiwa nalo leo.

Mradi ndio moyo wa somo. Kwa kawaida huanza kati ya Juni ya mwaka wa 12 na Septemba ya mwaka wa 13, na hukabidhiwa kwa mwalimu kati ya Machi na Aprili, ili alama ziifikie bodi katikati ya Mei. Mwanafunzi hachaguliwi mada. Anatakiwa atafute hali halisi yenye tatizo halisi na mtu halisi anayeliishi tatizo hilo, ambaye kwenye makaratasi huitwa mteja au mtumiaji. Mteja wa kubuni hugundulika haraka, kwa sababu majibu yake siku zote yanakubaliana na mwanafunzi.

Kijana wa familia ya Kiswahili ana hazina ambayo wengi hawaioni. Achukuliwe mfano wa mbuzi ya kukunia nazi. Bibi anaishi kwenye fleti London, magoti hayamruhusu tena kukaa chini, na mbuzi aliyoletewa kutoka nyumbani imekunjwa nyuma ya mlango. Hapo kuna tatizo, kuna mtumiaji, na kuna kifaa ambacho mwalimu huenda hajawahi kukiona. Kutojua kwa mwalimu si kikwazo. Kunamlazimisha mwanafunzi aeleze kila kitu: mkao, mwendo wa mikono, kwa nini meno ya chuma yana umbo lile, nazi iliyokunwa inaangukia wapi. Maelezo hayo ndiyo utafiti wa moja kwa moja ambao watahiniwa wengine hulazimika kuutafuta kwa dodoso la marafiki ishirini.

Utafiti wa mradi huo hauishii kwa bibi. Lazima uulize swali gumu: kwa nini asinunue tui la kopo? Kama jibu ni ladha, iandikwe na ipimwe. Kama ni bei, bei zilinganishwe. Lazima pia zichunguzwe mashine za umeme za kukunia nazi, vikunio vya kuzungusha kwa mkono vinavyoganda mezani kwa raba, na ioneshwe vinapungukiwa nini. Kisha vipimo. Kaunta ya jikoni Uingereza huwa na kimo cha milimita 900 hivi. Kiwiko cha bibi kiko wapi akisimama? Hapa huingia takwimu za vipimo vya mwili wa binadamu, ambazo hupangwa kwa pasentaili. Wasanifu wengi hulenga watu walio kati ya pasentaili ya 5 na ya 95, yaani huwaacha wadogo sana na wakubwa sana. Kitasa cha kufikia juu hupimwa kwa mtu mfupi, uwazi wa mlango kwa mtu mkubwa. Mwanafunzi anayeandika tu kuwa kifaa kitamfaa kila mtu anapoteza alama kwa sentensi moja.

Baada ya hapo huandikwa muhtasari wa kazi na orodha ya masharti. AQA huipa hatua hiyo alama 10 kati ya 100, uchache unaowafanya wengi waipitie mbio. Ni kosa, kwa kuwa masharti hayo ndiyo rula itakayotumika mwishoni kupima kama kazi imefaulu. Sharti linalosema kifaa kiwe chepesi halipimiki. Linalosema kisizidi kilo moja na nusu linapimika. Linalosema kiwe salama ni maneno. Linalosema meno yafunikwe kikiwa hakitumiki, na kusiwe na ufa unaoweza kushika mabaki ya nazi, ni sharti.

Kuchora na kujaribu ndiko kunakobeba alama nyingi zaidi: alama 25 kwa kuendeleza mawazo na 25 kwa kutengeneza mfano wa mwisho. Neno linalotawala ni kurudia. Chora, tengeneza kwa kadibodi, mpe mtumiaji, sikiliza, badilisha, tengeneza tena kwa mbao laini, mpe tena. Kipande cha povu kilichokatwa kwa dakika kumi na kushikwa na mkono wenye maumivu hufundisha zaidi ya mchoro wa kompyuta wa wiki mbili. Kwa hiyo mifano mibaya haitupwi. Kadibodi iliyopinda, kibano kilichoteleza kwenye kaunta, ulimi wa chuma uliokuna nazi pamoja na kifuu chake, vyote hupigwa picha, hupewa tarehe na maelezo ya kilichojifunzwa. Watahini husoma safari hiyo. Kazi nzuri isiyo na kumbukumbu ya makosa huwatia shaka, na wana haki.

Jalada la mradi kwa AQA huwa takriban kurasa 45, za karatasi au za kidijitali. Hapo ndipo fundi stadi wa mikono anapoweza kushindwa na mwenzake mwenye mikono ya kawaida lakini mwenye mazoea ya kuandika. Msimamizi wa bodi anayehakiki alama za mwalimu kwa kawaida hakishiki kifaa. Anaona jalada na picha. Kiungo cha mkia wa hua kilichokatwa kwa uangalifu wa ajabu lakini kikapigwa picha moja yenye ukungu ni kama hakikukatwa. Ushauri ambao walimu wengi hutoa, na unaosikilizwa na wachache, ni kuandika ukurasa wa wiki ndani ya wiki yenyewe. Jalada lililoandikwa Machi kwa kukumbuka ya Oktoba hujulikana, kwa sababu ndani yake kila uamuzi unaonekana ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Programu za akili unde zimeleta utata mpya. Kanuni za pamoja za bodi ni kwamba kazi iwe ya mwanafunzi, na matumizi yoyote ya programu hizo yatajwe wazi. Kuyaficha ni udanganyifu unaoweza kufuta alama. Mwalimu ndiye anayetia saini kuthibitisha kuwa kazi ni ya mtahiniwa, na hawezi kutia saini kwa kitu alichokiona kwa mara ya kwanza siku ya kukabidhi.

Tathmini ya mwisho ina alama 20. Kusema bibi ameipenda sana si tathmini. Bibi yeyote atapenda kitu alichotengenezewa na mjukuu. Kinachohitajika ni dakika ngapi nazi moja ilichukua kwenye mbuzi ya zamani na kwenye mpya, nazi iliyokunwa ilikuwa gramu ngapi, kibano kilihama milimita ngapi, na mtu mwingine asiye wa familia alipojaribu alikosea wapi. Kisha lazima ielezwe jinsi kifaa kingetengenezwa kwa maelfu: chuma kingekatwa kwa mashine ya kugandamiza badala ya tupa, chuma kisichoshika kutu cha aina ipi kinafaa kugusana na chakula, na mbao ipi. Bichi hutumika sana kwa vyombo vya jikoni kwa kuwa nyuzi zake zimebanana.

Mashine zina ratiba zake ambazo hazimjali mtu. Leza ya shule hukata plaiwudi, kadibodi na akriliki vizuri, lakini aina iliyozoeleka mashuleni haikati chuma, na plastiki ya PVC haiwekwi humo kamwe kwa sababu hutoa moshi wa sumu. Printa ya 3D huchukua saa nyingi kwa kipande kidogo, na kipande hicho huwa dhaifu pale tabaka zilipoungana. Kikibeba mzigo upande usiofaa hupasuka kama biskuti. Mwezi wa Februari, darasa zima hutaka leza ile ile wiki ile ile. Anayemaliza kukata Desemba hupumua. Mashine za hatari zaidi, kama msumeno wa duara wa kupasulia mbao, kwa kawaida huachiwa fundi wa karakana, na urafiki na fundi huyo una thamani isiyoandikwa katika mtaala wowote. Hujua nani husafisha benchi na nani huliacha na vumbi.

Gharama hutofautiana kati ya shule na shule. Zipo zinazotoa malighafi zote za kawaida, na zipo zinazoomba mchango, hasa mwanafunzi akitaka mbao ya bei. Suala hili linafaa kuulizwa kabla ya kujiandikisha, bila aibu. Uingereza kuna mfuko wa ruzuku kwa wanafunzi wa miaka 16 hadi 19 wenye kipato kidogo, unaoombwa kupitia shule au chuo wanachosoma, na vifaa vya masomo ni miongoni mwa vinavyoweza kulipiwa. Familia nyingi za wageni hazijui kuwa upo. Ukweli mwingine unaopunguza gharama ni kwamba mradi mdogo uliomalizika vizuri hupata alama nyingi kuliko meza kubwa ya mwaloni iliyobaki bila miguu.

Chuo kikuu ndiko uhuru wa kuchagua unakolipiwa. Kwa pointi, somo hili lina uzito sawa na mengine: daraja A ni pointi 48 za UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vikuu, liwe la Usanifu na Teknolojia au la kemia. Lakini kozi huangalia masomo, si pointi peke yake. Anayetaka uhandisi kwenye vyuo vyenye ushindani lazima awe na hisabati, na mara nyingi fizikia. Usanifu na Teknolojia huwa la tatu, na huwa la tatu zuri, kwa sababu humpa kitu cha kuzungumzia katika usaili. Anayetaka usanifu wa bidhaa, Loughborough na Brunel ni vyuo vinavyojulikana kwa fani hiyo, na Imperial College ina skuli ya usanifu wa kihandisi iliyoanzishwa 2014 kwa msaada wa wakfu wa James Dyson. Kozi za usanifu majengo na za usanifu wa bidhaa mara nyingi huomba jalada la kazi. Mradi wa A-level ni sehemu yake, ila usiwe jalada zima: vyuo hupenda kuona michoro ya mkono na vitu vilivyotengenezwa bila kulazimishwa na mtihani.

Dhana kwamba hili ni somo la waliokosa masomo mengine bado ipo, na ina nguvu zaidi katika nyumba ambazo udaktari na sheria ndiyo ndoto pekee. Haina msingi, ingawa kwa miaka kadhaa ilipewa nguvu na orodha ya masomo yaliyopendekezwa na vyuo vya Russell Group, ambayo haikulijumuisha. Orodha hiyo iliondolewa 2019. Hata hivyo mzazi anayesita ana hoja moja ya haki: anayetaka udaktari hatapata msaada mkubwa hapa, na muda ambao mradi unaula ni muda unaotoka kwenye kemia.

Wapo wasiofaa kulichagua. Anayeahirisha kazi mpaka usiku wa mwisho atateseka, maana gundi haikauki kwa kubembelezwa. Anayechukia kuandika atapata nusu ya furaha. Anayetaka ufundi mtupu, wa kuchomelea au kufunga umeme, atafaidika zaidi na uanagenzi, au na T Level, kozi za ufundi zilizoanza Septemba 2020 ambazo zina wiki nyingi za kazi halisi kiwandani. Mwenye uchoraji mzuri tu, asiyejali kitu kinafanyaje kazi, atakuwa na amani zaidi katika sanaa. Anayefaa ni yule ambaye akiona kitasa kibovu hukifungua kabla ya kulalamika. Kutosoma somo hili awali si kizuizi kila mahali. Shule nyingine hutaka daraja fulani la GCSE, mtihani unaotangulia A-level, ya somo hili, nyingine hukubali la sanaa au la fizikia.

Anayeishi nje ya Uingereza anaweza kulisoma kupitia Cambridge International, yenye mtihani wake wa A-level wa Usanifu na Teknolojia kwa shule za kimataifa. Muundo wake si ule wa bodi za ndani ya Uingereza, kwa hiyo vitabu vya kiada na mitihani ya nyuma visichanganywe.

Matokeo hutoka Agosti. Asiyeridhika anaweza kurudia mitihani ya kuandika mwaka unaofuata huku akibeba alama zake za mradi, bila kutengeneza kifaa kingine. Kazi yenyewe hubaki shuleni mpaka muda wa kuomba mapitio ya matokeo upite, kwa hiyo bibi aliyeahidiwa mbuzi yake Aprili atasubiri mpaka vuli.